KAMYO YETU SI MITRAYI



Katika toleo lililopita ndugu mmoja alituandikia habari ya mpira, na mwingine alisema juu ya adabu katika refektwari. Vizuri. Mimi leo nataka kusema juu ya kitu kimoja tunachokipita kila asubuhi bila kukitazama: ile kamyo ya shamba inayosimama chini ya mwembe, nyuma ya atelye. Nimesikia, na si miye peke yangu, kwamba itauzwa kwa watu wa mitrayi mbele ya vakansi kubwa. Watu hao wamekwisha kuja mara mbili. Walipiga-piga milango kwa nyundo, wakaangalia chini, wakataja bei ya kilo. Bei ya kilo! Sawa vile mtu anauza ndakala.

Mimi nasema tusiuze. Tuitengeneze. Nitaeleza sababu zangu, na yule asiyekubali aandike naye, karatasi haijaisha.

Kwanza, wengi hamujui ile kamyo ni nini. Watoto wa mwaka wa kwanza wanafikiri ni nyumba ya kuku, na kweli kuku wanalala mule. Ni Mercedes ya pua fupi ya mviringo. Kamyo za sura ile Wajerumani walianza kuzitoa mwaka wa 1959, na walizitengeneza miaka mingi sana, maana watu wa Afrika, wa Asia na wa Amerika ya Kusini walizipenda. Kwenye pua yake, mukipangusa vumbi, mutasoma 911. Hesabu ile ina maana. Ile 9 ya kwanza ni uzito wake pamoja na mizigo, karibu tani 9. Ile 11 ni nguvu ya motere, farasi 110. Mimi nilikuwa nafikiri ni namba tu ya kupendezesha.

Ilikuja hapa masomoni miaka ya 1970, wakati jimbo letu lilikuwa linaitwa Shaba. Wazee wanasema ilipita vita ya 1977 na ile ya 1978 kule Kolwezi, haikuguswa. Mwaka wa 1991 watu walipopora muji, walinzi wa wakati ule waliondoa magurudumu yote ine wakayaficha chini ya majani, na waporaji walipofika waliona chombo kinakaa juu ya matofali wakaendelea na safari. Ikapona. Sasa kitu kilichoponea vita mbili na kupora, kinataka kufa juu ya pompi ya maji.

Ndiyo, pompi ya maji. Mwaka wa 2017 pompi ilianza kuvuja, motere ikapata moto, shofere akaisimamisha vizuri mbele haijaungua. Walisema tutanunua pompi ingine wiki ijayo. Wiki ikawa mwezi. Kiisha batri ikaazimwa kwa grupu ya umeme. Kiisha demarere ikaazimwa, siwezi kusema kwa nani. Kiisha magurudumu mawili ya nyuma yakaenda "kwa siku mbili tu". Wapenzi wasomaji, angalieni jambo hili: kamyo yetu haikufa na ugonjwa. Ilikuliwa kidogo kidogo na watu wa nyumba. Na wale waliokula ndio wanasema leo, kumbe haina kitu tena, tuiuze.

Sasa niseme juu ya ile inayoniuma.

Nyote munajua shamba yetu haiko hapa Karavia. Hapa tuko karibu na golfu na ile hoteli kubwa, hakuna mahali pa kulima mahindi ya watoto mamia. Shamba iko mbali, upande wa barabara ya Kasenga. Zamani kamyo ilikuwa inaenda kule kila mwezi wa tano na wa sita, na ilipokuwa inarudi ilipita vijiji. Wazazi wa vijiji waliokuwa na watoto hapa walikuwa wanaleta magunia yao kando ya barabara. Ekonomi alikuwa anapima, anaandika, na yale mahindi yalikuwa yanahesabiwa kwa minervali ya mutoto. Mulimaji hana feza kila siku, lakini mahindi anayo. Ilikuwa mpango mzuri sana na hakuna aliyepata haya.

Kamyo iliposimama, mpango ulisimama. Wazazi waliambiwa walete feza mkononi. Mwaka wa 2019 serikali iliondoa malipo ya shule ya msingi, asante kwa hiyo, lakini sisi wa sekondari tuliendelea kulipa. Nilikuwa na rafiki niliyekaa naye benchi moja tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa wa kwanza katika hesabu, mimi nilikuwa namwomba anisaidie, si yeye kuniomba. Mwaka juzi baba yake alikuwa na magunia nane nyumbani, kavu, mazuri, na hakupata namna ya kuyafikisha muji. Mwenye kamyo ya kukodi alitaka bei ambayo ni afazali mahindi yakae. Rafiki yangu alirudishwa nyumbani mwezi wa pili. Magunia yalikuwa yanakaa kule na fukusi wanayatoboa, na yeye alikuwa amekaa kando yao. Sasa ameolewa. Sitaandika jina wala kijiji, yeye mwenyewe akisoma atajua.

Njo maana mtu akiniambia kamyo ile ni takataka, mimi siwezi kucheka naye.

Mimi niko mwaka wa 5 Komersiale, basi nitapiga hesabu, maana bila hesabu mutasema ni machozi ya wasichana. Mwaka jana shamba ilitoa magunia 64. Kamyo tuliyokodi ilibeba 48 kwa safari moja, na mwenyewe alichukua gunia moja kwa kila manne. Hiyo ni 12. Magunia 16 yalibaki kule yakingoja safari ya pili. Safari ya pili haikuja, mwenye kamyo alipata mizigo ya makala yenye faida zaidi. Tukangoja mpaka mvua ya mwezi wa kumi na moja ikayakuta chini ya shitingi iliyotoboka, yakaota. Basi kati ya 64 tulikula 36. Tulipoteza 28.

Watu wa mitrayi wanatupa feza ambayo, kwa bei ya soko, inaweza kununua magunia kama 30. Munaona? Tunauza kamyo nzima kwa hasara ya mwaka mmoja na kidogo.

Na kuitengeneza? Tulizunguka soko ya Kenya siku mbili, tukauliza bei ya vitu vya kweli: mipira, batri, freni, pompi, filtri, mafuta. Inafika kama magunia 45. Ni feza nyingi, sifichi. Tena mazuti ya safari mbili na vitu vidogo tuhesabu magunia 6 kwa mwaka. Basi tunaponya 28, tunatoa 6, inabaki 22 kila mavuno. Mavuno mawili na kidogo, kamyo imejilipa. Ndugu mmoja wa darasa letu, ambaye anapenda kunishinda, alisema: "Umesahau, tusipouza tunakosa zile 30, ziongeze." Ana haki. 45 na 30 ni 75, tugawanye kwa 22, ni mavuno matatu na nusu. Hata hivyo ni miaka ine tu, na sijaweka ndani magunia ya wazazi.

Kuna jambo lingine linalopita masomo yetu. Lubumbashi inakula bukari ya watu wengine. Unga yetu nyingi inapita Kasumbalesa kutoka Zambia na ng'ambo yake. Mwaka wa 2024 mvua ilikatika kule Zambia. Tarehe 29 mwezi wa pili rais wao, Hakainde Hichilema, alitangaza musiba wa taifa, na serikali yake ilisema karibu hekta milioni moja za mahindi ziliharibika kati ya milioni 2 na laki mbili zilizopandwa. Sisi hapa tulijua siku ile ile, bila radio. Tulijua kwa sahani. Mama wa kantini alipunguza bukari, tukaanza kunung'unika juu yake, maskini, na yeye hana kosa. Mahindi ya barabara ya Kasenga hayapiti duane yoyote. Yanangoja magurudumu tu.

Sasa, inawezekana kweli? Hapa naomba radhi kwa wakubwa. Tulipewa ruhusa ya kuipangusa kamyo. Hatukupewa ruhusa ya kuifungua. Tuliifungua.

Tuliyemwomba ni baba mmoja mzee wa jirani, sisi tunamwita Papa Fundi. Alifanya kazi miaka mingi katika atelye za kampani kubwa ya migodi. Watu kama yeye walikuwa wengi katika muji huu, maana Lubumbashi ilizaliwa na mashini. Gari la moshi lilifika hapa mwaka wa 1910, na tangu siku ile watu walikuwa wanafundishwa kukata chuma, kuunga, kupima. Mwaka wa 2003 na 2004 Gécamines ilipunguza watu zaidi ya 10 000 katika mpango uliolipwa na Benki ya Dunia. Wengi wao sasa ni wazee, na wengine tumekwisha kuwazika. Kile walichojua hakikuandikwa katika kitabu. Kiko katika mikono, na mikono inazikwa pamoja na mtu.

Nilimwuliza: "Papa, hii kamyo ilikufa zamani?"

Akajibu: "Haiyakufa, mama. Iko inalala tu. Beye njo banataka kuizika."

Sisi tulifikiri ataleta batri na kuwasha. Vijana walikuwa wamekwisha kutafuta batri ya kuazima! Alikasirika. Alisema motere iliyolala miaka mingi haiamshwi kwa kupigwa mateke. Ndani ya silinda kutu imeshika segimenti, mafuta yote yameshuka chini, na ukiizungusha kwa nguvu ya demarere unakwaruza kila kitu, unaweza kuvunja. Basi alifanya hivi. Aliondoa injektere zote sita, kila moja akaifunga katika kitambaa na kuiandika namba. Katika kila tundu alimimina mafuta safi kidogo, kama kikombe kidogo cha chai. Akafunika. Akasema, "Mukuje poso ingine." Akaenda zake. Vijana wa Mekaniki walihuzunika sana, maana walitaka moshi.

Jumamosi iliyofuata alileta kle ndefu akaitia kwenye buloni ya mbele ya vilebreke, pale chini ya radiatere. Vijana watatu walivuta. Hakuna. Akawaambia wasiruke-ruke juu ya kle, wavute polepole sawa watu wanaovuta ndoo ya kisima. Ikasogea kama kidole kimoja. Rudisha. Vuta tena. Ikasogea robo ya muzunguko, ikashika. Rudisha. Tulifanya vile karibu saa moja, na mimi nilipewa kazi ya kuhesabu na kuandika, lakini niliacha karatasi nikavuta nami. Na mwisho, ndugu zangu, ikazunguka muzunguko muzima. Polepole, ikitoa pumzi katika matundu yale sita, fuu, fuu, moja moja, kama watu wanaolala. Hakuna aliyesema neno. Kiisha kijana mmoja akapiga kelele hata mulinzi akakuja mbio.

Tulifungua buloni ya mafuta chini. Papa Fundi aliweka kidole, akatuonyesha: mafuta meusi, mazito. Akasema ni habari njema. Kama yangekuwa meupe sawa maziwa, ingekuwa maji yameingia ndani, labda joint ya kilasi imekufa au kilasi yenyewe imepasuka. Nyeusi ni uzee tu. Hata sisi tutakuwa wazee.

Mambo mabaya yako pia, nayasema. Tanki ya mazuti ina maji na kutu chini, inatakiwa kushushwa na kuoshwa, na filtri zote kubadilishwa, kwa sababu uchafu kidogo kama vumbi unaua pompi ya enjeksioni, na pompi ile ni bei kuliko vyote. Nyuzi za umeme zilikuliwa na panya. Mipira ya maji imepasuka-pasuka. Ambrayaji imeshikana na volan ya motere kwa kutu. Mbao za nyuma zimeoza zote, ila hiyo si taabu, seksioni ya useremala inaweza kuzifanya kwa mulombwa nayo itatuzika sisi sote.

Lakini neno kubwa la Papa Fundi lilikuwa juu ya freni. Vijana walipofurahi kwamba motere imezunguka, walianza kusema juu ya kuiwasha na kuizungusha uwanjani. Akawaambia: motere ni ya mwisho, freni ni ya kwanza. Kamyo isiyowaka haiwezi kuua mtu. Kamyo inayowaka na haina freni inaua darasa zima. Alitueleza kwamba mafuta ya freni yanakunywa maji ya hewa, mwaka kwa mwaka, na maji yale yanaleta kutu ndani ya silinda ndogo za magurudumu, na vile vikombe vya mpira ndani vinakuwa migumu kama kwato. Ukikanyaga mara ya kwanza inashika, unafurahi. Mara ya tatu, kwenye mtelemko na magunia 48 nyuma, mguu unashuka mpaka chini. Basi silinda zote, mipira yote ya freni, mafuta yote: mapya. Hapa hakuna kutafuta cha bei ndogo, na mimi mwenye kushika hesabu nasema vilevile.

Tena magurudumu. Kamyo za zamani zina pete ya chuma inayoshikilia mpira kwenye janti. Mtu akijaza upepo na pete haijakaa vizuri, inaruka kwa nguvu ya risasi. Papa Fundi alimwona mwenzake akipigwa nayo, na alipotueleza aliacha kusema katikati akaanza kupangusa kle zake. Kwa hiyo: hakuna mwanafunzi atagusa pete bila yeye, upepo wote unaondolewa kwanza mbele ya kufungua buloni yoyote, na gurudumu linajazwa likiwa limefungwa mnyororo, mtu amesimama mbali. Mpira wa zamani hata kama meno yako mazuri usitumainiwe. Tangu mwaka wa 2000 namba ine zilizopigwa kando zinaonyesha wiki na mwaka wa kuzaliwa. Miwili ya mbele tuliyo nayo ina namba tatu tu. Ni ya karne ingine. Itafaa kufungia mbuzi.

Kuna wanaosema: hizo ni mambo ya zamani, dunia ya leo ni ya ordinatere, kamyo mpya zinatengenezwa kwa kuunga waya na kusoma kosa kwenye skrini. Kweli. Lakini katika seksioni ya Mekaniki tunachora motere kwenye ubao, kwa chaki, tangu mwezi wa tisa mpaka wa sita. Wenzetu wanapata pointi 80 kwa kuchora pompi, na hawajapata kushika pompi. Kamyo ile haifichi kitu. Hakuna kasha nyeusi lenye siri. Mazuti inapita hapa, unaona bomba. Hewa ikiingia katika bomba, unalegeza buloni ndogo ya filtri, unapiga pompi ya mkono mpaka mapovu yanakwisha. Mtu aliyeelewa hiyo kwa mikono ataelewa na ile ya ordinatere. Aliyeanza na skrini, umeme ukikatika hapa kwetu, na munajua unakatika mara ngapi, atafanya nini?

Wala sisi si wa kwanza. Kule Kumasi, katika inchi ya Ghana, kuna mtaa unaoitwa Suame Magazine, garagi maelfu, watu wanafungua kamyo za zamani na kuzifunga upya, na vijana wanajifunza pale kwa kufanya. Nairobi kuna mafundi wa jua kali kule Kamukunji na Gikomba, wanatengeneza kwa nyundo yale ambayo wengine wanaagiza kwa meli. Motere kama ile ya kwetu ilitengenezwa pia Brazil miaka mingi, na njo sababu vitu vyake havijapotea dunia. Soko ya Kenya tulipata pompi ya maji. Ndiyo, ile ile iliyokosekana mwaka wa 2017. Ilikuwa inaning'inia kwenye musumari, na muuzaji hakushangaa hata kidogo tulipoitaja.

Wengine wanaogopa papie. Wana haki zaidi kuliko wote. Kamyo bila kartirozi, bila asiransi, bila kontroli tekniki, ni kuitengenezea polisi wa barabara kantini. Mimi niliuliza kwa sekretari kama kartirozi iko. Aliniambia nitazame mwenyewe katika kabati la zamani. Nilitazama siku mbili, nikapata orodha za wanafunzi wa 1984, noti za deni, na panya. Siku ya tatu nikaipata ndani ya daftari la kuku. Iko na jina la masomo, imekunjwa, lakini namba ya shasi inasomeka, na tuliilinganisha na ile iliyopigwa kwenye chuma. Ni sawa. Nimeirudisha kwa sekretari mkononi, mbele ya mashahidi wawili, maana najua vitu vya kamyo hii vinavyopenda kusafiri.

Neno moja kwa kaka zetu wa Mekaniki. Mulicheka siku ile nilipovuta kle, mukasema msichana wa Komersiale anatafuta mume mwenye garagi. Nimewasamehe. Lakini tukipewa ruhusa, wasichana watakuwa katika kila kikosi, pia kile cha chini ya kamyo, na si cha kuleta chai tu. Aliyepoteza masomo juu ya kamyo hii alikuwa msichana.

Na neno kwa wakubwa wetu, kwa heshima yote. Hatuombi mutupe feza yote leo. Tunaomba mambo machache. Watu wa mitrayi waambiwe wangoje mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Vitu vilivyoazimwa, demarere na magurudumu mawili, virudishwe na wale walioviazima, majina yao yako katika daftari ya magazinye. Papa Fundi apewe chakula cha muchana siku anapokuja, maana mpaka leo anakuja kwa miguu yake na anarudi na njaa. Na feza ya kwanza itakayopatikana iende kwa freni. Motere hatutaiwasha mbele ya freni kukubaliwa na yeye, na mbele ya Prefe mwenyewe kukanyaga na kuona. Mutu mumoja akiiwasha kwa siri kwa kutaka moshi, sisi wenyewe tutamtaja katika gazeti hili.

Kama mwezi wa sita ukifika na hatujafunga freni, uzeni. Sitaandika tena.

Jumamosi hii, kiisha kula ya asubuhi, tunahamisha kuku. Mama wa kantini amekubali wakae kwa muda nyuma ya jiko. Anayetaka kusaidia aje na nguo ya kazi, na kama nyumbani kwao iko brosi ya chuma, ailete na jina lake limeandikwa juu.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5 Komersiale